Meza ya mama imejaa miduara ya vyungu. Nitaitoaje miduara bila kufuta alama za mama?

BintiMshonaji

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Nina meza niliyoachiwa na mama. Urefu wake sentimita 180, upana 90, mbao ngumu ya kahawia inayoelekea wekundu, miguu minne ya mraba. Mama alikuwa mshonaji. Juu ya meza hii alikata vitambaa tangu kabla sijazaliwa, na kwenye pembe yake moja ndipo nilipojifunzia kuandika huku mkasi ukipita upande wa pili. Alipofariki, ndugu zangu walichukua vingine. Mimi niliomba meza.

Napenda sana mimea, kwa hiyo niliiweka chini ya dirisha kubwa la sebuleni nikapanga vyungu tisa juu yake. Saba vilikaa kwenye visahani vya udongo, viwili kwenye vikalio vya chuma. Kwa miezi kama minane sikuvisogeza. Juzi nilivishusha ili nifute majani makavu, nikakuta miduara tisa. Saba ni myeupe, kama pumzi uliyoipulizia kioo ikagoma kukauka. Nikipitisha ukucha sihisi kitu. Miwili ni myeusi, chini ya vile vikalio vya chuma, na hapo vanishi imebanduka na mbao inakwaruza. Tena upande wa dirishani umepauka kuliko upande wa ukutani, na mguu mmoja unacheza.

Kaka yangu anataka tupige msasa wa mashine juu yote kisha tupake vanishi ya kisasa. Fundi niliyemtumia picha naye kasema hivyo hivyo, kazi ya siku moja.

Lakini kuna jambo. Ukiinama ukaitazama meza kwa ubavu, mwanga ukija kwa chini, unaona mistari ya vitone vidogo vidogo imezunguka huku na huku. Ni kile kigurudumu chenye meno alichotumia mama kuhamishia mshono kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kitambaa. Na ukingoni kuna mikato ya kisu 36, inchi kwa inchi, yadi kamili. Aliikata mwenyewe ili asihangaike kutafuta futi ya kamba kila mara.

Nataka miduara ya vyungu vyangu itoke na alama za mama zibaki. Inawezekana? Na mimea yangu niiweke wapi, maana dirisha lenye mwanga mzuri ni hilo moja?

---

ChumbaCheupe

Pole kwa kufiwa, dada. Usikubali mashine kabla hujajua juu ya meza kuna nini. Mimi nilikuwa na kabati la droo, zito, nikaamini ni mbao tupu. Dakika ya tano ya msasa ikatokea mbao nyingine chini, ya rangi ya majani makavu. Kumbe juu palikuwa na venia, utando mwembamba usiofika hata milimita moja. Nilipotoboa ndiyo ikawa imetoka. Haina dawa ile, nimelifunika kwa rangi nyeupe mpaka leo.

Angalia kichwa cha meza, pale mbao ilipokatwa kukingama nyuzi. Nyuzi za juu zikiendelea kushuka pale ukingoni kama mistari ya mbao ileile, ni mbao nzima. Ukiona mshono mwembamba karibu na juu, ni venia.

---

MzeeRanda

Marahaba mwanangu.

Mashine iachwe ilipo. Kitone cha kigurudumu kile hakina kina cha kusema. Msasa wa mashine unakula zaidi ya hapo kabla hujabadilisha karatasi ya kwanza, na mikato ya ukingoni itabaki michubuko isiyosomeka. Nimefanya useremala miaka mingi na sehemu kubwa ya kazi yangu sasa ni samani za wazee zinazoletwa baada ya kusagwa. Nyingi hazikuhitaji msasa wowote.

Kabla hujagusa chochote, chukua karatasi nyembamba kubwa, itandaze juu ya meza, uisugue polepole kwa ubavu wa penseli laini. Vitone vyote vitajitokeza. Andika tarehe, uiviringishe uihifadhi. Ikitokea bahati mbaya katika kazi, umebaki na nakala.

Sasa miduara. Myeupe na myeusi ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Mweupe maana yake unyevu umenaswa ndani ya utando wa vanishi, mbao yenyewe haujaifikia. Visahani vya udongo usiopakwa kitu hupitisha maji polepole. Ukikishika ni kikavu, lakini chini yake kuna jasho, na jasho hilo limekaa miezi minane bila hewa. Mweusi maana yake maji yamevuka utando yakaingia kwenye mbao, na huko yamekutana na tanini iliyomo kwenye mbao pamoja na chuma cha kikalio. Tanini na chuma vikikutana kwenye maji hutoa weusi kama wino. Si uchafu, kwa hiyo sabuni haitausaidia kitu.

Kwanza tujue mama alipaka nini. Geuza meza au ingia chini yake, tafuta mahali pasipoonekana ambapo utando ule ule umefika, kwa mfano upande wa ndani wa ukingo. Weka tone la spiriti kwa pamba. Ngoja dakika moja, gusa kwa kidole. Ikinata, ni shelaki, ile vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti. Isiponata, jaribu tina ya laka (thinner) pembeni yake. Ikilainika kwa tina, ni laka, aina nyingine ya vanishi. Ikigoma zote mbili, una vanishi ya kisasa au mafuta. Tone la maji litakutofautishia hizo mbili: likinywewa taratibu, ni mafuta.

Usiende hatua inayofuata bila jibu hilo. Hapa ndipo watu huharibu. Mtu anasikia "spiriti inatoa alama nyeupe" anamwaga juu ya shelaki, na shelaki inayeyuka yote kama sukari.

Kwa miduara myeupe anza na dawa nyepesi kuliko zote, nayo ni joto. Nyumba ya mshonaji haikosi pasi. Iweke kwenye moto wa chini kabisa, bila mvuke, na tangi lake liwe tupu. Tandaza kitambaa cha pamba safi kilichokunjwa mara mbili juu ya duara. Pitisha pasi kwa sekunde tano, inua kitambaa, tazama. Tena sekunde tano, tazama. Joto linautoa ule unyevu ulionaswa. Ukiona utando unang'aa kwa namna ya kulowa au unanata kwenye kitambaa, acha, pozesha, endelea kesho. Mara nyingi duara linafifia kuanzia ukingoni kuja katikati.

Yatakayogoma kwa pasi, na kama ni shelaki kweli, fanya hivi. Chukua pamba, ifunge ndani ya kitambaa cha pamba laini ipate umbo la yai. Iloweshe spiriti kisha ikamue mpaka ukiigusisha mgongo wa mkono uhisi ubaridi tu, si maji. Ipitishe juu ya duara kama ndege inayogusa ardhi na kupaa tena: mkono uwe unatembea kabla ya kugusa na uendelee kutembea baada ya kuachia. Ukisimama juu ya shelaki hata kwa nukta moja, kitambaa kitaganda hapo na kuacha kovu. Pita mara mbili tatu, ngoja robo saa, rudia. Jizoeze kwanza pale chini ya ukingo ulipojaribia tone.

Miduara myeusi inahitaji asidi ya oksaliki, ile ya chembechembe nyeupe. Ni sumu, nasema bila kupunguza neno. Glavu, miwani, dirisha wazi, watoto mbali. Changanya kwenye chombo cha plastiki au kioo, usitumie cha chuma, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Paka kwa brashi ndogo pale tu vanishi ilipokwisha kubanduka, maana haiwezi kupenya utando. Iache ikauke, tazama, rudia ikibidi. Kisha suuza kwa maji safi kwa kitambaa, mara tatu nne, usiache ungaunga wowote juu. Usipige msasa mahali hapo kabla ya kusuuza, vumbi lake likiingia puani au machoni linachoma vibaya. Acha meza ikauke siku mbili, ndipo uzibe kidonda kwa shelaki mpya, tabaka jembamba kwa jembamba.

Na ujue kuwa asidi itaacha mahali pale peupe kidogo kuliko jirani yake. Kwa hiyo jiulize kila duara jeusi: liko wapi, na linakusumbua kiasi gani? Mimi mara nyingi humwacha mteja alale na swali hilo.

Mguu unaocheza usiumiminie gundi kwa nje. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, inakaa tu kama gome. Uvute mguu utoke. Ukigoma, sokota kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kuzunguka kiungo. Gundi za zamani za ngozi ya mnyama hulainika kwa joto na maji. Ukitoka, kwangua ulimi (kile kichomozo cha mbao kinachoingia kwenye kiungo) na tundu lake kwa patasi mpaka uone mbao safi, bila kuupunguza ulimi. Paka gundi ya mbao, rudisha. Kama huna klampu, zungushia kamba miguu yote, ingiza kijiti katikati ya kamba, kisokote mpaka ikaze, ukifunge. Weka vipande vya gazeti pembeni kamba isikate mbao. Kabla gundi haijashika, pima mshazari wa miguu, kona hadi kona. Vipimo viwili visipolingana, meza imekaa upande. Iache saa 24.

Palipopauka ni jua, na hapo hakuna dawa ya kupaka. Igeuze tu meza, upande wa ukutani uje dirishani. Baada ya misimu kadhaa zitakaribiana.

Neno la mwisho kwa leo. Ukishika mafuta ya kitani popote katika kazi hizi, kitambaa ulichofutia usikikunje ukakitupa kwenye ndoo. Mafuta yale yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjamana hulihifadhi mpaka kinawaka chenyewe, bila kiberiti wala cheche. Kitandaze nje kikauke kikiwa wazi, au kiloweke kwenye maji. Nimeona karakana ikiungua hivyo usiku, na aliyefunga mlango jioni hakuwa ameacha moto wowote.

---

MkonoWaKijani

Mzee amemaliza ya meza, mimi nijibu ya mimea.

Dada, jiulize kwanza kwa nini visahani vilikuwa na maji muda wote. Miezi minane imepitia misimu tofauti, na nina hakika ulimwagilia kwa ratiba ile ile. Siku zikiwa ndefu na mwanga ni mwingi, mmea unakunywa. Zikija siku za mawingu au za baridi, unapunguza kasi, na maji unayompa kwa mazoea yanabaki kwenye udongo na kisahani. Mizizi inakosa hewa, inaoza. Watu wengi huua mimea yao kwa maji kuliko kwa kiu. Tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, ondoka na kopo lako. Mbolea nayo isimamishe mpaka uone majani mapya yanachomoza.

Changarawe chini ya chungu, kama uliziweka, zitoe utakapobadilisha udongo. Hazisaidii maji kutoka. Maji husita pale udongo mwororo unapokutana na mawe, kwa hiyo unakuwa umepandisha tope karibu zaidi na mizizi. Kinachotoa maji ni tundu la chini na udongo mwepesi. Kuhamishia chungu kikubwa zaidi kungoje mwanzo wa msimu wa kukua, na kizidi cha zamani kwa vidole viwili tu kwa upana.

Mahali pa kuviweka: kama dirisha ni hilo moja, meza ndiyo isogee. Ivute ndani ya chumba kama hatua moja na nusu. Pale dirishani weka benchi jembamba la chini lenye vigae juu, sentimita 30 za upana zinatosha. Mimea itakuwa karibu zaidi na kioo kuliko ilivyokuwa mezani, wewe utakaa mezani na majani mbele yako badala ya kuyasogeza kila ukitaka kuandika. Wakati wa kumwagilia, vipeleke vyungu kwenye sinki, mwagilia mpaka maji yatoke chini, viache vichuruze nusu saa, ndipo uvirudishe. Kila ukivirudisha, vizungushe robo, visije vikainamia kioo.

Chungu kimoja unaweza kukibakiza mezani, nakuelewa. Kiwe ndani ya chungu kingine kilichopakwa glezi ndani na nje, kwenye vijiguu vya gome la koki, hewa ipite chini. Na ukiinue kila wiki, upitishe kiganja chini yake.

---

BintiMshonaji

Ahsanteni sana. Niliposoma ile ya kugusa na kupaa nilifanya mazoezi ukutani mkono mtupu, mtoto wangu akiniangalia.

Mrejesho, baada ya wiki tatu.

Ni mbao nzima, nyuzi zinashuka ukingoni vizuri. Tone la spiriti lilinata kabla dakika haijaisha, kwa hiyo shelaki.

Karatasi ya penseli nilifanya kabla ya yote, na nilikaa nayo sakafuni jioni nzima. Mistari mingi imepandana, huwezi kujua ni nguo gani. Lakini karibu na pembe yangu ile ya kujifunzia kuna mstari mmoja umekaa peke yake: unapanda, unapinda, unashuka. Mkono wa gauni, ule mduara wa begani. Nilipoupima kwa futi haukufaa mtu mzima. Ni wa mtoto wa miaka mitano au sita. Nilikuwa na gauni moja la mikono iliyojaa wakati ule.

Pasi ilitoa miduara mitano kati ya saba. Mmoja ulitoka mara ya pili tu, nikadhani naota. Miwili iliyobaki nilitumia ile pamba. Mmoja umekwisha, mwingine umebaki kivuli ambacho naona mimi peke yangu kwa sababu najua kilipo.

Asidi nilitumia kwenye duara moja jeusi, lile la katikati. Nilipaka mara tatu. Weusi uligeuka kijivu, kisha ukawa kama rangi ya chai hafifu, nikasuuza nikaacha hapo. La pili liko ukingoni, linapita juu ya mikato ya inchi ya 20 mpaka ya 24. Nililala na swali kama ulivyosema, mzee. Sikutaka brashi yenye asidi iingie kwenye mikato ile. Nimelipaka shelaki juu ili mbao isiendelee kunywa unyevu, na limebaki jeusi.

Mguu umekaa. Kaka ndiye aliyesokota kamba. Alipoona ulimi wa mbao umetoka mzima, umekatwa kwa mkono, na alama za msumeno bado zipo, hakutaja mashine tena.

Meza imesogea, nimeigeuza, benchi la vigae liko dirishani na vyungu vinane. Kimoja kimebaki mezani kwenye glezi.

Swali la mwisho, mzee: chini ya meza hapana kitu, mbao kavu tupu. Nipake shelaki na huko, au niache kama mama alivyoiacha?

---

MzeeRanda

Hongera kwako na kwa kaka yako. Duara lile la ukingoni umeamua vizuri.

Chini paka, tabaka mbili nyepesi. Mbao haitulii hata ikiwa na umri mkubwa: hewa ikiwa na unyevu inatanuka kukingama nyuzi, hewa ikikauka inasinyaa. Ukiziba juu ukaacha chini wazi, upande mmoja unapumua kuliko mwingine, meza inaweza kupinda. Mama aliiacha na haikupinda kwa sababu ilikaa mahali pamoja. Sasa umeihamisha na umeigeuza.

Ukiwa chini huko, angalia skrubu zinazoshika ubao wa juu kwenye fremu. Kama matundu yake ni marefu, si ya duara, usiyazibe na usikaze skrubu mpaka mwisho. Fundi aliyeitengeneza aliacha nafasi ile makusudi, sentimita 90 za upana zinahitaji milimita kadhaa za kutembea. Ukikuta mtu amepigilia msumari baadaye kuzuia mlio, ung'oe.

Shelaki mpya ipe wiki mbili kabla hujaweka kitu kizito. Nta ya nyuki ipake baada ya hapo, kidogo sana, uing'arishe kwa kitambaa kikavu, mara moja au mbili kwa mwaka. Dawa za kupuliza zenye silikoni zisiingie humo ndani. Zinaacha utando utakaokusumbua siku utakapohitaji kuitengeneza tena.